Sarafu ya tembo ya Tabora: Lini kuipima gredi upya kunalipa, lini ni kuchoma hela

Kama kwenu kuna sarafu ya dhahabu yenye tembo, mwaka 1916 na herufi T, usiipeleke kwa sonara kwanza. Soma hapa.

Hiyo ni rupia 15 ya Afrika Mashariki ya Kijerumani, na wana Singida wana sababu ya kuijua. Dhahabu yake ilitoka mgodi wa Sekenke, wilayani Iramba. Vita vya Kwanza vya Dunia vilipofunga njia ya bahari, Wajerumani waliishiwa sarafu, wakaamua kuzitengeneza wenyewe kwenye karakana ya reli Tabora. Wabelgiji waliuteka mji huo Septemba 19, 1916, na kazi ikaishia hapo. Zilitoka takriban 16,000 tu.

Ina thamani gani?

Ina uzito wa gramu 7.168, na robo tatu yake ni dhahabu. Yaani dhahabu halisi ni kama gramu 5.4. Sonara atakulipa hizo gramu tu. Mkusanyaji analipia historia, uchache na hali ya sarafu. Kwenye minada ya nje sarafu hizi huuzwa kwa maelfu ya dola, na tofauti kati ya iliyochakaa na iliyo safi ni kubwa sana.

Gredi ni nini?

Kampuni mbili za Marekani ndizo zinazoaminika zaidi: PCGS, iliyoanza kazi 1986, na NGC, ya 1987. Unawatumia sarafu, wanahakikisha si feki, wanaipa namba kati ya 1 na 70, kisha wanaifunga kwenye kasha gumu la plastiki lenye namba ya cheti.

Namba 1 hadi 58 ni sarafu iliyowahi kutumika. Kuanzia 60 ni ile isiyopita mikononi mwa watu. Kwa hiyo kutoka 58 kwenda 61 au 62 si suala la pointi tatu nne tu. Sarafu imehama kundi, na bei huhama nayo.

Kwa nini gredi ibadilike?

Sarafu ni ile ile, lakini wanaoipima ni binadamu. Sarafu iliyo mpakani, mmoja ataipa 58, mwingine 61. Halafu hii ya Tabora ilipigwa kwa mitambo ya karakana ya reli, si kiwanda cha sarafu. Nyingi zilitoka na picha hafifu tangu siku ya kwanza. Mtu anaweza kudhani tembo amelika kwa kutumika, kumbe alitoka hivyo.

Njia tatu za kuipima upya

1. Kuirudisha kwa kampuni ile ile. Unaomba waitazame tena. Kama umekosa, umepoteza ada na nauli.

2. Kuihamishia kampuni nyingine ikiwa ndani ya kasha. Hapa unataja gredi ya chini unayoikubali. Wakiona haifiki, wanakurudishia kama ilivyo. Kwa mwenye sarafu ya bei, hii ina usalama.

3. Kuvunja kasha na kuituma ikiwa wazi. Hapa ndipo wengi wanapigwa. Ukishavunja, dhamana ya gredi ya zamani imekufa. Sarafu inaweza kurudi na gredi ya chini, au isipewe namba kabisa.

Adui namba moja: kusafisha

Usiguse dawa ya meno, ndimu, majivu wala brashi. Sarafu iliyosuguliwa inang'aa kwako, lakini mpimaji anaona mikwaruzo kwa lenzi. Ataandika kwamba ni halali ila imesafishwa, bila namba. Hapo bei inashuka vibaya, na hakuna kupima upya kutakakoirudisha. Ishike kwa ukingo, iweke pakavu, basi.

Piga hesabu kabla ya kutuma

Jumlisha ada ya kupima, usafirishaji wa kwenda na kurudi, na bima. Ada hupanda kadiri thamani ya sarafu inavyopanda.

Tuseme gharama zote ni dola 200, na gredi ikipanda bei itaongezeka dola 1,000. Kama nafasi ya kupanda ni moja kati ya kumi, wastani wa faida ni dola 100. Hapo umekula hasara. Ikiwa ni moja kati ya mbili, wastani ni dola 500, kwa hiyo inaeleweka.

Kwa senti 20, yaani heller 20 za shaba za 1916 zilizotoka karakana hiyo hiyo, kwa kawaida hesabu inakataa. Zilitengenezwa kwa wingi mno, hivyo gharama inaweza kumeza bei ya sarafu yenyewe.

Kama unanunua au unauza

- Pima uzito. Feki za tembo zipo, na nyingi huumbuka kwenye mizani.
- Ikiwa ndani ya kasha, ingiza namba ya cheti kwenye tovuti ya kampuni na ulinganishe picha. Makasha nayo hughushiwa.
- Angalia pambo lililo upande wa maandishi. Zipo aina mbili: linaloishia chini ya herufi T na linaloishia chini ya A katika neno OSTAFRIKA. Lebo ikikosea aina, omba irekebishwe.
- Usimkabidhi dalali akakupimie bila maandishi. Piga picha pande zote mbili na uandike uzito.
- Kabla ya kuituma nje, waulize Idara ya Mambo ya Kale na forodha kuhusu vibali.

Jibu fupi

Pima upya kama sarafu haijasafishwa, iko mpakani mwa gredi, na pengo la bei linazidi gharama mara kadhaa. Zaidi ya hapo, iache ndani ya kasha lake. Na kama haijawahi kupimwa, kipimo cha kwanza ndicho chenye faida kubwa, kwa sababu ndicho kinachomthibitishia mnunuzi kwamba dhahabu ya Sekenke aliyoshika ni yenyewe.