Vijana wa Kichina Waliotumwa Kusoma Marekani

Mwezi wa Aprili, mwaka 1847, merikebu iitwayo Huntress ilitia nanga New York baada ya safari ya siku 98 toka Uchina. Ndani yake walikuwamo vijana watatu wa Kichina pamoja na mwalimu wao, Padre Samuel Robbins Brown, aliyekuwa akirudi kwao kwa sababu ya afya yake. Mmoja wa vijana hao aliitwa Yung Wing, mwana wa watu maskini wa kijiji kilicho karibu na Macao. Nataka kueleza habari zake na za wale waliomfuata, maana sisi tufundishao watoto katika lugha isiyo ya mama zao twapaswa kuzijua.

Yung Wing alisoma kwanza katika shule ya Monson, jimbo la Massachusetts. Alipotaka kuingia chuo kikuu cha Yale hakuwa na fedha. Wakubwa wa shule walikuwa tayari kumlipia, kwa sharti kwamba aweke ahadi ya kuwa mmisionari atakaporudi kwao. Akakataa. Alikuwa Mkristo, wala hakuidharau kazi ya kuhubiri. Lakini alisema kwamba hataki kufungwa na ahadi, ili awe huru kuifaa nchi yake kwa njia yo yote itakayofunguka. Wako watakaomlaumu kwa neno hili. Mimi naona kwamba kijana maskini, tena mgeni, aliyeweza kuwajibu hivyo wafadhili wake, alikuwa amekwisha kuelimika kabla hajafika chuoni. Mwishowe akina mama fulani wa mji wa Savannah walimsaidia, akaingia Yale mwaka 1850.

Katika mwaka wake wa pili hesabu zilimlemea sana hata akaogopa kufukuzwa. Walakini katika mwaka huo huo alipata mara mbili tuzo ya kwanza ya insha za Kiingereza, akiwashinda vijana waliozaliwa katika lugha hiyo. Mwaka 1852 alifanywa raia wa Marekani, na mwaka 1854 akapata shahada yake, Mchina wa kwanza kumaliza chuo kikuu cha nchi hiyo.

Kisha akarudi kwao. Merikebu ilipokaribia Hong Kong alipanda rubani Mchina, na nahodha akamwomba Yung Wing amwulize kama mbele kuna miamba na mafungu ya hatari. Akafungua kinywa, na maneno hayakuja. Alijua vizuri yaitwavyo kwa Kiingereza, lakini kwa Kichina yalikuwa yamepotea. Nahodha na abiria wakacheka, naye mwenyewe akaona haya. Lugha ya mtu haiondoki kwa sababu nyingine imeingia; huondoka kwa kukosa wa kusema naye, na huyu alikuwa amekaa ugenini karibu miaka minane. Ikambidi ajifunze tena Kichina huko Canton kwa muda wa miezi.

Alipofika kwa mama yake, yule mama aliuliza kuhusu hiyo shahada kwamba ilimpatia fedha kiasi gani. Tena akamwagiza anyoe masharubu, kwa kuwa kaka yake mkubwa hakuwa nayo, wala haifai mdogo kumtangulia mkubwa. Yung Wing akaenda kwa kinyozi mara moja. Mama akafurahi, maana aliona kwamba elimu ya kigeni haikumwondolea mwanawe utii.

Tangu siku zake za chuo alikuwa na wazo moja moyoni, kwamba vijana wengine wa Uchina wapate elimu kama yake. Alingoja miaka mingi. Mwishowe wakuu wawili, Zeng Guofan na Li Hongzhang, walikubali, na serikali ikatuma watoto 120, thelathini kila mwaka, tangu 1872 hata 1875. Walipaswa kukaa miaka 15. Makao makuu yao yalikuwa mji wa Hartford, jimbo la Connecticut, bali watoto wenyewe waligawanywa wawili wawili katika nyumba za walimu, wachungaji na watu wengine wema, ili waisikie lugha mezani na jikoni.

Mwanzoni walivaa kanzu zao ndefu na kusuka nywele mkia mmoja mgongoni. Watoto wa mitaani waliwafuata wakiwaita wasichana. Wakaomba ruhusa ya kuvaa nguo za kule, wakapewa. Lakini msuko haukuweza kukatwa, maana kuukata kulihesabiwa kuwa uasi juu ya mfalme wao. Basi wakauficha chini ya koti. Wakajifunza besiboli, ule mchezo wa kupiga mpira kwa rungu, wakaucheza kwa ustadi. Wengine walianza kwenda kanisani, na baadhi yao wakawa Wakristo.

Baadaye akaja msimamizi mpya, Wu Zideng, akachukizwa alipoona vijana hawataki kupiga magoti mbele yake. Akaandika kwa wakubwa wake kwamba hawa wamesahau adabu na lugha yao, hata wakirudi hawatafaa kitu. Malalamiko yake hayakuwa uongo mtupu. Yung Wing mwenyewe, pale mbele ya rubani, angeweza kuwa shahidi wake. Kosa la Wu Zideng ni kudhani kwamba aliyejifunza kusimama wima amekwisha kuacha kuwapenda watu wake.

Wakati huo huo serikali ya Marekani ilikataa kuwapokea vijana wa Kichina katika vyuo vyake vya askari na wanamaji, ingawa mkataba wa mwaka 1868 uliwaahidi Wachina nafasi katika shule za serikali. Hivyo Wamarekani waliwakataa kwa kuwa ni Wachina, na wakubwa wao waliwalaumu kwa kuwa si Wachina tena. Mwaka 1881 wote waliitwa warudi. Wawili tu walikuwa wamemaliza chuo kikuu. Walipofika Shanghai hawakupokewa kwa shangwe. Waliwekwa chini ya ulinzi wa askari katika nyumba chakavu yenye unyevu.

Mmoja wa wale wawili, Zhan Tianyou, ndiye injinia aliyejenga reli ya kutoka Peking hata Zhangjiakou, kupita katika milima, tangu 1905 hata 1909, bila injinia mkuu wa kigeni. Tang Shaoyi akawa waziri mkuu wa kwanza wa jamhuri mwaka 1912. Mwingine, Yan Phou Lee, alirudi Marekani akamaliza Yale, na mwaka 1887 akatoa kitabu cha Kiingereza juu ya utoto wake Uchina.

Na Yung Wing? Mwaka 1898 Wamarekani walikataa kuutambua tena uraia wake, naye huko Uchina alikuwa akitafutwa kwa kuwa rafiki wa wale waliotaka kutengeneza serikali. Hata hivyo mwaka 1902 alipata njia ya kuingia Marekani, akafika kumwona mwanawe akipewa shahada huko Yale. Alikufa Hartford mwaka 1912, akazikwa huko huko.