Shahada ya jiolojia na Bonde la Ufa la Kati, Kenya

Shahada ya jiolojia ni masomo ya chuo kikuu kuhusu miamba, madini, volkano na historia ya dunia. Nchini Kenya hutolewa hasa na Chuo Kikuu cha Nairobi, ambako idara ya jiolojia ilianzishwa mwaka 1961. Shahada ya kwanza huchukua miaka minne, kisha mhitimu aweza kuendelea na uzamili na uzamivu.

Masharti. Alama ya wastani ya C+ katika KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari, ndiyo kima cha chini cha kujiunga na shahada yoyote. Kwa jiolojia huangaliwa pia alama za hisabati, kemia, fizikia na jiografia.

Mafunzo ya uwandani. Mwanafunzi hujifunza kuchora ramani za miamba na kukusanya sampuli. Eneo la Nakuru, katika Bonde la Ufa la Kati, lina utajiri mkubwa wa mifano: kasoko ya Menengai, mlima Longonot, diatomaiti ya Kariandusi na mipasuko ya ardhi iliyochunguzwa na mwanajiolojia J. W. Gregory mwaka 1893.

Ajira. Jotoardhi huwapa wanajiolojia kazi nyingi katika ukanda huu. Umeme wa jotoardhi wa Olkaria ulianza kuzalishwa mwaka 1981, na Menengai inaendelezwa na kampuni ya serikali ya Geothermal Development Company (GDC). Wengine hutafuta maji ya visima au hukagua misingi ya barabara na mabwawa.

Usajili. Wanajiolojia husajiliwa na bodi iliyoundwa chini ya sheria ya mwaka 1993.