Kilima Kisicho na Majina

Nilipokwenda Milwaukee, Marekani, kumtembelea binti yangu, asubuhi moja alinipeleka Lake Park, bustani ya umma iliyo juu ya genge la udongo kando ya Ziwa Michigan. Alijua kwamba nimekulia Bukoba, juu ya Ziwa Viktoria, akadhani maji yatanichangamsha. Hakujua kwamba usiku ule nilikuwa nimepata ujumbe kutoka kwa mdogo wangu: "Kaka, amepatikana mnunuzi wa kibanja cha babu. Anataka kujenga hoteli. Makaburi yatahamishwa kwa heshima zote. Tunangoja neno lako tu."

Tukatembea chini ya miti mirefu. Mji uliinunua ardhi ile mwaka 1890, na kazi ya kuichora bustani akapewa Frederick Law Olmsted, mmoja wa wawili waliobuni Central Park ya New York. Makorongo yakaachwa na misitu yake, yakapitishiwa madaraja. Upo pia mnara wa taa ya kuongozea meli. Ule wa kwanza ulijengwa mwaka 1855, lakini ziwa likawa linalila genge kidogo kidogo, hata mwaka 1888 ukajengwa mwingine nyuma yake. Taa yenyewe ilizimwa mwaka 1994.

Kilichonisimamisha mimi ni tuta la mviringo katikati ya majani, la chini kiasi kwamba mtoto angelipanda kwa hatua tatu. Lilijengwa na wenyeji wa kale, karne nyingi kabla ya Wazungu. Matuta ya aina hiyo yalizikiwa watu, na Milwaukee yalikuwapo mengi. Mpima ardhi Increase Lapham aliyachora na kuchapisha kitabu chake mwaka 1855, wakati mji ukiyasawazisha kupisha barabara na nyumba. Wapotawatomi walikuwa wamekwisha kuiachia serikali ardhi yao ya upande huu wa ziwa kwa mkataba wa Chicago wa mwaka 1833. Sidhani waliotia alama zao pale waliambiwa habari za matuta.

"Baba, mbona umenyamaza?" binti yangu akauliza. Nikamwonyesha simu. Akasoma mara mbili.

Tukashuka ngazi ndefu, tukavuka barabara iliyojengwa juu ya kifusi kilichomwagwa ziwani, mpaka ufukoni. Watoto walikuwa wakichimba mchanga. Hakuna aliyewadai kiingilio. Nikaonja maji: hayana chumvi, kama yetu. Nikakumbuka njia inayokatiza migomba yetu, ambayo majirani huipita kwenda kuchota maji bila kubisha hodi. Katika ujumbe wa mdogo wangu njia hiyo haikutajwa.

Binti yangu akanirudishia simu. "Na bibi je," akauliza, "naye atahamishwa?"

Nikampigia mdogo wangu palepale. Bukoba ilikuwa jioni.