Lenana, Sendeyo na zizi la ndama

Tangu mwaka 2022, familia za wafugaji zilipoanza kuhamia Msomera, Handeni, kutoka Ngorongoro, swali la zamani limerudi vijiweni: Mmaasai ni nani hasa?

Kadi za watalii zina jibu lake: shuka jekundu, mkuki, twiga kwa mbali. Historia ni ngumu zaidi. Katika karne ya 19 wasemaji wa Kimaa walichinjana wao kwa wao. Wailaikipiak, kundi mojawapo kati yao, waliposhindwa miaka ya 1870, manusura wengi waliingia katika koo za washindi. Waarusha wa Mlima Meru walilima migomba na bado walitahiriwa pamoja na wafugaji.

A. C. Hollis, ofisa wa Kiingereza aliyechapisha kitabu chake kuhusu Wamaasai mwaka 1905, aliandika kisa cha Mbatiany, laiboni, yaani mtu wa kutabiri na kuganga. Mzee huyo, mwenye jicho moja lililofifia, alimwambia mwanawe mkubwa Sendeyo aje asubuhi kupokea vifaa vya uganga. Lenana, mdogo wake, alijificha zizini mwa ndama, akasikia. Alfajiri akawahi, akajiita Sendeyo, akakabidhiwa rungu la chuma. Mkubwa alipofika, akaambiwa ndugu yake ameshachukua.

Wakatengana. Sotoka na ndui zilimaliza ng'ombe na watu, huku wafuasi wa ndugu hao wakipigana; Sendeyo alikwenda upande wa Wajerumani, Lenana akashikana na Waingereza. Sendeyo alirudi kusalimu amri mwaka 1902.

Hapo ndipo penye jambo. Waingereza walimtambua Lenana kuwa chifu mkuu wa Wamaasai wote, cheo ambacho laiboni hakuwa nacho. Katika mkataba wa mwaka 1904 waliahidi ardhi maadamu Wamaasai wapo kama kabila. Mwaka 1911 wakawahamisha kutoka Laikipia, Kenya ya leo. Wamaasai wakaenda mahakamani, na mwaka 1913 wakaambiwa mkataba ulikuwa wa dola na dola, mahakama haina la kusema. Walikuwa taifa siku ya kunyimwa haki tu!

Mwishoni mwa miaka ya 1960 serikali ya Tanzania ikaendesha kampeni ya kuwavua Wamaasai shuka, wavae suruali. Leo hoteli zinawaajiri vijana wasimame mlangoni wakiwa wamevaa shuka lile lile.

Ndugu wale wawili wamebaki kuwa majina ya vilele. Kilele cha Lenana, mita 4,985, ndicho wapandaji wengi wa Mlima Kenya hufikia. Sendeyo naye ana chake, kifupi zaidi, kando.