Kiti cha Kiongozi na Wale Waliobaki Nje

Ninyi mliohama makwenu, nanyi wakubwa wa mitaa, leo tukumbuke jinsi wazee wetu walivyochagua viongozi.

Mwezi wa kumi 1958, vyama vya makabila viliungana Elisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo, vikazaa CONAKAT. Godefroid Munongo alitangulia kuiongoza. Mwaka 1959 Moïse Tshombe akashika nafasi yake. BALUBAKAT ya Jason Sendwe iliingia mwezi wa pili 1959. Chama cha walowezi Wazungu kilipokaribishwa nacho, BALUBAKAT ikatoka mwezi wa kumi na moja.

Katika uchaguzi wa 1960, CONAKAT ilipata viti 25 kati ya 60 vya jimbo. Kartel ya BALUBAKAT na wenzake, 23. Sheria ilidai theluthi mbili ya wajumbe wawepo. Kartel ilipogoma kuingia, Ubelgiji iligeuza sheria, Tshombe akaunda serikali. Tarehe 11 mwezi wa saba Katanga ikajitenga. Kaskazini vita ikawaka. Mwaka 1961 makumi ya maelfu ya Wabaluba walikimbilia kambi ya Umoja wa Mataifa mjini humu.

Ndugu, mnapochagua wakubwa wa chama ao wa mtaa, ulizeni kwanza: aliyeshindwa atakaa wapi? Akipata nafasi barazani, hataitafuta porini. Wala sheria isigeuzwe kura zikiisha kupigwa.

Mzungumze hayo nyumbani. Amani iwe nanyi.