Mdau

Mdau ni mwenye dau, na dau ni kile anachoweka mtu katika mchezo akijua huenda akakipoteza. Kwenye malipo ya kutunza mazingira, maana hiyo haifai kusahauliwa. Kwa mfano, katika vijiji vya Gazi na Makongeni, Kwale, Kenya, mradi wa Mikoko Pamoja, ulioanza 2013, umekuwa ukiuza hewa ukaa inayohifadhiwa na hekta 117 za mikoko. Fedha zimeingia kwenye maji na shule. Mnunuzi wa ng'ambo huitwa mdau, mtafiti vilevile. Lakini dau zito ni la mkata boriti na mwokota kuni, ambao riziki yao ilikuwa humo msituni. Hao ndio wa kuulizwa kwanza. Kwa ajili yao mradi ulipanda mivinje, wapate miti ya kukata bila kugusa mkoko.