Mshahara unapobadilika: namna msaada wa familia unavyohesabiwa Uingereza

Familia nyingi za makanisa yetu ya Goma, Bukavu, Uvira na Bunia zina ndugu wanaoishi Uingereza. Tunasikia mara nyingi swali hili: "Ameongezewa mshahara, mbona anatuma kidogo kuliko zamani?" Sehemu ya jibu iko katika namna serikali ya kule inavyosaidia nyumba zenye mapato madogo.

Kuanzia Aprili 2003 hadi tarehe 5 Aprili 2025 kulikuwa na msaada ulioitwa nafuu ya kodi. Hata asiyelipa kodi aliweza kuupata. Mume na mke waliomba pamoja, na mapato yao yalijumlishwa. Malipo yalianza kwa kufuata mapato ya mwaka uliotangulia, kisha mwaka ulipokwisha idara ya kodi ilifanya hesabu ya mwisho.

Tangu 2016, mapato yakiongezeka, pauni 2,500 za kwanza za ongezeko hazikuhesabiwa. Kwa kila pauni iliyozidi hapo, msaada ulipungua kwa senti 41. Tuseme nyumba ilitoka pauni 16,000 kwa mwaka ikafika 20,000. Ongezeko ni 4,000. Zinazohesabiwa ni 1,500. Msaada unapungua kwa pauni 615. Mapato yakishuka, vilevile pauni 2,500 za kwanza hazikuhesabiwa.

Shida ilikuwa deni. Aliyechelewa kutoa taarifa aliendelea kupokea kiasi cha zamani, na baadaye alidaiwa kilichozidi. Katika mwaka wa kwanza pekee, serikali ililipa ziada ya zaidi ya pauni bilioni 2. Familia nyingi zilizodaiwa zilikuwa zimekwisha kutumia fedha hizo kwa chakula na nyumba.

Sasa msaada unaitwa Universal Credit, nao unahesabiwa kila mwezi. Kwa kila pauni ya mshahara baada ya kodi, msaada unapungua kwa senti 55. Wenye watoto, au wenye ugonjwa unaowazuia kufanya kazi, huachiwa kwanza kiasi fulani kisichoguswa. Basi, anayeongezewa pauni 100 mkononi anabaki na 45 tu. Anayelipwa kila baada ya wiki nne anaweza kupokea mishahara miwili ndani ya mwezi mmoja wa hesabu, na msaada wa mwezi huo ukashuka sana au kukosekana. Tena, deni la zamani la nafuu ya kodi linaweza kukatwa humo.

Kwa ndugu mlio kule: toeni taarifa mapema mshahara unapobadilika, au mtu anapohamia nyumbani ama kuondoka, na tunzeni barua zote. Kwa sisi tunaongojea huku: anaposema mwezi huu minervali ya watoto haitafika yote, tumuulize hali yake kabla ya kumhukumu.